Utambulisho wa Visa vya Jinamizi la Teknolojia

Mwalimu mwenzangu, tamthilia ya runinga Black Mirror, iliyobuniwa na Charlie Brooker na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2011, hubadilisha wahusika na mandhari karibu katika kila kisa. Basi visa hivyo vinaunganishwa na nini? Si mashine, bali dhamira: binadamu hufanya nini akikabidhiwa chombo kinachotimiza matamanio yake? Jina lenyewe ni skrini iliyozimwa. Anayeonekana humo ni mtazamaji.

Katama Mkangi alikwisha kutufunza hivyo katika Walenisi (1995). Dzombo anasafiri kwa chombo cha angani, lakini jina la riwaya likifumbuliwa ni "wale ni sisi".

Ukifundisha Kililana, mfano u karibu: Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mwanafunzi akiandika "teknolojia ni mbaya", usimpe alama zote. Muulize: nani aliamua, nani hakushirikishwa? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia. Haikuzihukumu kreni, iliwawajibisha waliopanga mradi. Uhakiki nao ufanye vivyo hivyo.