TULALE WAPI USIKU WA KUAMKIA SAFARI YA NDEGE?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wapendwa, siku hizi si ajabu mtu wa Ihanja kupanda ndege. Wapo wanaokwenda Hija na Umra, wapo vijana wanaokwenda kusoma nchi za mbali, na wapo wanaorudi likizo. Tiketi hiyo mara nyingi ni ng'ombe waliouzwa, au magunia ya alizeti ya misimu miwili. Tena ndege nyingi za nje huondoka usiku au alfajiri, na ndege haimsubiri mtu. Kwa hiyo swali la wapi tulale usiku ule wa mwisho si dogo. Ndani yake mna amana ya mali ya familia, na mna swala ya Alfajiri.

MAFUNDISHO YA MTUME (S.A.W.)

Dini yetu haikuacha jambo hili. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafundisha wasafiri wanaopumzika usiku wajiepushe na njia, kwani hapo hupita wanyama na ndipo wadudu wanapokimbilia usiku. Tunapata hapa kwamba mahali pa kulala msafiri huchaguliwa kwa kuangalia usalama, si kulala popote uchovu ulipotukuta.

Vilevile Abu Qatada (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) akipumzika usiku safarini alilala kwa ubavu wa kulia. Lakini ikiwa Alfajiri imekaribia, aliusimamisha mkono wake na kuweka kichwa juu ya kiganja, usingizi usije ukamzidi.

Tena waliporudi kutoka Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, walipumzika mwisho wa usiku, na Bilal (R.A.) akapewa kazi ya kukesha awaamshe. Bilal naye akashikwa na usingizi, wakaamshwa na joto la jua. Mtume (S.A.W.) hakumgombeza, waliondoka mahali pale, kisha wakaswali. Ikiwa watu bora kama wale walizidiwa na usingizi wa safari, sisi tusijitape kwamba tutaamka wenyewe.

KWANZA: TUSOME SAA YA TIKETI

Kosa kubwa huanzia hapa. Tiketi haifuati saa ya Kiswahili. Ikiandikwa 06:00, kwetu ni saa 12 asubuhi. Ikiandikwa 00:50, ni saa 6 na dakika 50 usiku.

Sasa tuangalie tarehe. Kwetu Waislamu usiku hutangulia mchana: jua likizama Alhamisi, tumeingia usiku wa Ijumaa. Tiketi hubadili tarehe saa 6 usiku. Basi tiketi iliyoandikwa Ijumaa 00:50 maana yake ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na msafiri atakuwa uwanjani Alhamisi baada ya Isha. Atakayengoja Ijumaa jioni atakuta ndege imeondoka tangu jana yake. Mzazi asiyezoea saa hizo amwombe kijana amwandikie kwenye karatasi kwa maneno.

PILI: TUHESABU KURUDI NYUMA

Safari za nje inatakiwa kufika uwanjani saa 3 kabla ya ndege kuruka. Tuseme ndege yetu inaruka saa 12 asubuhi katika Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Tufike saa 9 usiku. Aliyelala Kipawa au Ukonga, jirani na uwanja, anaweza kuamka saa 8. Aliyelala kwa ndugu yake Bunju au Mbagala ataamka mapema zaidi, na kutafuta gari katikati ya usiku akiwa na mizigo.

Anayetoka kwetu kwa basi hushuka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichoanza kazi mwaka 2021 badala ya Ubungo. Asilale hapo kwa sababu tu amechoka. Akipata nafasi asogee jioni ileile, kwa njia ya Kinyerezi hadi Banana. Anayepanda treni ya kisasa kutoka Dodoma, iliyoanza safari mwaka 2024, aulize kama treni yake inasimama Pugu, kwani Pugu ni karibu na uwanja kuliko Stesheni ya katikati ya jiji. Na kwa safari ndefu kama ya kutoka Singida, ni salama zaidi kufika Dar es Salaam siku moja kabla. Basi likiharibika njiani, bado kuna nafasi.

TATU: TULINGANISHE JUMLA, SI BEI YA CHUMBA

Tuchukue mfano. Chumba cha mjini ni shilingi 20,000, na teksi ya usiku ni 30,000: jumla 50,000. Chumba cha karibu na uwanja ni 35,000, na bajaji ni 5,000: jumla 40,000. Kilichoonekana ghali ndicho rahisi.

Kabla ya kulipa tuulize haya: Je, geti hufunguliwa saa 8 usiku, na mlinzi ni nani? Je, mlango unafungika kwa ndani? Je, kuna maji ya kutawadha na chandarua? Je, nyumba ina baa na muziki? Ikiwa tumefuatana na mama zetu au watoto, maswali haya yana uzito zaidi. Tulipe jioni, tuagane na dereva jioni, na tuchukue namba ya dereva wa pili.

NNE: NDUGU AKIKASIRIKA

Wengi hulala mbali kwa kuchelea lawama: "Umefika Dar es Salaam, ukaikimbia nyumba yangu?" Kuunga udugu ni wajibu, lakini udugu hauungwi kwa kulala tu. Tumzuru mchana, tule naye, tumwombe dua, kisha tuage kabla ya Magharibi. Tumweleze mapema kwa simu, ataelewa inshaallah.

TANO: SWALA

Msafiri kutoka Ihanja akiwa Dar es Salaam usiku mmoja anaruhusiwa kukusanya Magharibi na Isha, na kupunguza Isha iwe rakaa mbili. Akitumia ruhusa hii mapema atapata usingizi. Magharibi haipunguzwi, na anayemfuata imamu mkazi hukamilisha.

Alfajiri haikusanywi na swala nyingine. Dar es Salaam huingia kati ya saa 10 na nusu usiku na saa 11 na nusu alfajiri, kutegemea mwezi. Kwa ndege ya saa 12, wakati utatukuta uwanjani tukisubiri kuingia. Basi tuwe na udhu na msala mdogo mkononi, si kwenye begi lililokwisha pimwa. Kibla cha Dar es Salaam ni kaskazini, karibu sawasawa.

SITA: WAKATI WA KURUDI

Kanuni ni hizohizo ugenini, ila tuongeze mambo mawili. La kwanza, tuhakikishe jina la uwanja. Istanbul ina viwanja viwili, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. London nayo ina Heathrow, Gatwick, Stansted na vinginevyo, vilivyo mbalimbali. Anayetaka kulala uwanjani aulize kwanza, kwani vipo vinavyofungwa usiku.

La pili ni swala. London mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, na mwisho wa Desemba huchomoza baada ya saa 2 asubuhi. Saa moja ya ndege inaweza kuwa kabla ya Alfajiri wakati wa baridi, na baada ya jua kuchomoza wakati wa joto. Kwa mahujaji, Jeddah ni kama kilometa 80 kutoka Makka. Anayehamia Jeddah jioni afanye Tawafu ya kuaga wakati wa kuondoka. Asiage mchana kisha akalala Makka.

Ndugu wasomaji, kumtegemea Allah hakuondoi kufunga ngamia. Tuchague mahali, tuweke mtu wa kutuamsha na simu mbili, tusome dua ya msafiri anapofikia mahali, kisha tulale kwa amani.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafikishe salama wasafiri wetu na awarudishe salama kwa jamaa zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.