Mji Uliofufuliwa na Theluji

Mwaka 1879 watu walianza kumiminika Aspen, katika milima ya Colorado, Marekani, kuchimba madini ya fedha. Mwaka 1893 Serikali ilipoacha kuyanunua, bei ilianguka na migodi ikafungwa. Kufikia 1930 walisalia watu 705 tu.

Baada ya vita, Friedl Pfeifer, askari aliyefunzwa kupigana milimani, alishirikiana na tajiri Walter Paepcke wa Chicago. Mwaka 1947 walizindua viti vinavyovutwa kwa kamba ya chuma, vikipandisha watu kileleni ili washuke wakiteleza juu ya theluji. Wageni wakaja, mji ukafufuka.

Theluji ilikuwapo tangu zamani. Alikosekana wa kuiona kuwa mali. Lakini neema ina gharama: leo nyumba ni ghali mno, hata wafanyakazi wengi hulala miji ya mbali.