Kinachounganisha Mafuta na Maji Katika Krimu
Tia maji na mafuta ya alizeti ndani ya chupa, kisha uitikise. Punde mafuta huelea tena juu. Ongeza sabuni kidogo, utikise tena: mchanganyiko huwa mweupe, nao hukawia kutengana.

Sabuni ni emulsifaya, yaani dutu iunganishayo mafuta na maji. Ncha moja ya molekuli yake huvutwa na maji, na nyingine na mafuta. Hivyo huyazingira matone madogo ya mafuta yasiungane. Katika krimu ya nta ya nyuki, boraksi hugeuza asidi za nta kuwa sabuni ifanyayo kazi hiyo.

Krimu ikitengana, usiipake: dawa ya kuihifadhi huenda isiwemo tena sawasawa kila mahali, na vijidudu huweza kuzaliana katika maji yaliyojitenga.