Ukifika Tanga, Usiishie Stendi

Watu wengi wa Mbulu na Hanang hufika Tanga siku hizi. Mmoja amekwenda kumwona mtoto anayesoma huko. Mwingine amekwenda arusini, au amepeleka vitunguu saumu sokoni. Akimaliza shughuli yake hupanda basi akarudi. Ukimuuliza ameona nini, hujibu: "Nimeona bahari, na joto lake." Basi!

Ndugu msomaji, Tanga ina mengi ya kuona. Watu hutoka Ulaya kwa ndege kuja kuyatazama. Kwa nini sisi wenye nchi tusiyaone? Leo tutaeleza mambo matatu tu.

MAPANGO YA AMBONI

Mapango haya yako kilometa zipatazo 8 kutoka mjini, upande wa barabara ya kwenda Mombasa. Ni vyumba vikubwa ndani ya mwamba. Mna giza, mna popo, na pengine mtu hulazimika kuinama sana apate kupita.

Nani aliyachimba? Hakuna. Yamechimbwa na maji. Mwamba wa hapo ni wa mawe ya chokaa. Maji ya mvua yakipita katika udongo hupata ukali kidogo. Ukali huo huyeyusha chokaa polepole. Ufa mdogo huwa tundu, na tundu huwa chumba. Kazi hiyo imechukua miaka mingi mno.

Maji yale yale hujenga pia. Yakidondoka kutoka darini huacha chokaa kidogo. Umeona magamba meupe ndani ya birika la zamani? Ni jambo hilo hilo. Kidogo kidogo chokaa hiyo huwa jiwe linaloning'inia. Ukilivunja jiwe hilo leo, mjukuu wako hataliona likiota tena.

Watu husimulia kwamba njia ya chini hutoka hapo mpaka Mombasa. Hayo ni masimulizi. Wako pia wanaofika kufanya matambiko humo ndani. Ukiwakuta, waheshimu.

MAGOFU YA TONGONI

Tongoni iko kusini ya mji, kilometa zipatazo 17, njia ya Pangani. Hapo palikuwa na mji wa Waswahili zaidi ya miaka 500 iliyopita. Umebaki msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Baadhi ya makaburi yalikuwa na nguzo ndefu. Wenyeji walizipamba kwa mabakuli yaliyotoka nchi za mbali, hata Uchina. Maana yake ni kwamba watu wa hapo walifanya biashara na dunia kabla wakoloni hawajafika.

Mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama walipita pwani hiyo. Waliporudi mwaka 1499 mabaharia wao wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi. Hawakutosha kuendesha merikebu zote. Basi moja, São Rafael, waliichoma moto wenyewe, karibu na hapo.

VITA NA NYUKI

Novemba 1914 Waingereza walileta askari kwa meli kutoka India. Walitaka kuwanyang'anya Wajerumani mji wa Tanga. Vita ikapiganwa mashambani na mjini. Katikati ya risasi, nyuki wakachokozwa. Wafugaji wa nyuki hawahitaji kuelezwa yaliyofuata! Waingereza walishindwa, wakarudi melini. Makaburi ya askari yapo Tanga mpaka leo. Wengi waliokufa walikuwa watu wa mbali, waliopigania nchi isiyo yao wala ya mabwana zao.

VITU HIVI HUISHA

Hapa ndipo penye shida. Pale Tongoni nguzo nyingi zimeanguka. Mabakuli mengi yameondolewa, yamebaki matundu. Bahari nayo inakula ufuko. Bahari ni vigumu kuizuia, lakini mkono wa mtu unazuilika.

Mtu mmoja akichukua kipande cha kigae, husema: "Kimoja tu, kina nini?" Wakija watu mia wenye maneno hayo, hapabaki kitu. Hapo mgeni haji tena. Kijana anayewaongoza wageni hukosa kazi, na mama anayeuza chakula hukosa mnunuzi. Watoto nao hukosa ushahidi wa habari za babu zao.

Jambo hili linatuhusu hata huku kwetu. Wageni huja Katesh kupanda Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Jirani zetu wa Kondoa wana michoro ya kale maweni, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nawe unaweza kukuta kitu cha kale unapolima. Usikivunje, wala usikiuze. Toa habari kwa serikali ya kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo.

KABLA HUJAENDA

Ukitoka Katesh utapita Babati, Arusha, Moshi, Korogwe na Muheza. Wa Mbulu wengine hupitia Karatu. Safari ni ndefu, basi panga siku moja ya ziada. Chukua nguo nyepesi, na viatu visivyoteleza kwa ajili ya mapango. Uliza kiingilio mapema. Raia hulipa pungufu kuliko mgeni wa nje. Usiingie mapangoni bila kiongozi. Angalia, uliza, sikiliza. Ukirudi, leta habari. Mawe yaache huko.

MASWALI YA KUJADILI

1. Maji huchimbaje pango?
2. Mabakuli ya Tongoni yanatufundisha nini?
3. Kijijini kwenu kuna kitu gani cha kale? Nani anakitunza?