Mahali pa Kupiga Kambi Wakati wa Kipupwe

Wako wakulima wa Shinyanga ambao, baada ya mavuno, hufunga safari kwenda machimbo ya dhahabu ya Geita, wakaishi huko miezi kadhaa chini ya turubai. Je, kambi ipigwe wapi? Aghalabu huchaguliwa bonde, kwa kuwa maji yapo karibu. Maji na yachotwe huko. Kulala ni jambo jingine. Usiku wa Juni na Julai, mbingu zisipokuwa na mawingu, ardhi hupoteza joto upesi. Hewa inayoigusa hupoa, ikawa nzito, ikateremka na kutuama mbugani mfano wa maji. Mita chache juu ya mteremko pana nafuu. (Wakulima wa zabibu wa Ulaya, nilikosoma, huujua mkasa huu vizuri.)

Hatari yenyewe si kutetemeka. Aliyeshikwa na baridi huingiza jiko la mkaa ndani ya turubai na kulifunga. Hapo hutokea monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Mwalimu na atundike vipimajoto viwili, kimoja bondeni na kimoja mteremkoni, visomwe kabla ya jua kuchomoza.