Alikosa dhahabu, akawanoa mabingwa

UKIPITA Ruring'u mjini Nyeri jioni, huwakosi. Vijana waliomaliza Kidato cha Nne mwaka jana au juzi, bado wamevaa jezi za shule zilizopauka, wanakimbiza mpira kabla giza halijaingia. Kesho asubuhi mmoja atakuwa steji ya boda, mwingine anachuma chai kule Othaya. Kama hakuna klabu iliyopiga simu kufikia sasa, ndo basi?

Huku Mlima Kenya tumezoea hadithi ya aina moja. Catherine Ndereba wa Mathira aliajiriwa na Idara ya Magereza, akashinda Boston Marathon mara nne na ubingwa wa dunia mara mbili. Hiyo tunaijua hata usingizini. Ya Patrick Sang husimuliwa kwa nadra.

Sang, mzaliwa wa Nandi aliyesomea Chuo Kikuu cha Texas, alikuwa mkimbiaji wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alipata fedha, fedha, na fedha tena: Riadha za Dunia Tokyo 1991, Olimpiki za Barcelona 1992, kisha Stuttgart 1993. Na kila mara aliyemtangulia alikuwa Mkenya mwenzake. Moses Kiptanui mara mbili, Matthew Birir mara moja. Hebu fikiria uchungu huo.

Baadaye, nyumbani Nandi, kijana mmoja alimwomba ratiba ya mazoezi. Sang akampa. Kijana akaifuata, akarudi kuomba nyingine, na nyingine tena. Muda ulipita kabla Sang hajamuuliza jina. Kumbe mamake ndiye aliyemfundisha Sang nasari! Akavua saa yake ya mkononi akampa. Kijana mwenyewe ni Eliud Kipchoge.

Yaani mtu wa viunzi ndiye aliyemnoa bingwa wa marathon wa Olimpiki za Rio na Tokyo, aliyekimbia Berlin kwa 2:01:09 mwaka 2022. Faith Kipyegon naye yuko mikononi mwake.

Marekani wana Urban Meyer. Klabu ya besiboli ya Atlanta Braves ilimchagua 1982, akahangaika misimu miwili kwenye ligi ndogo, ligi kuu hakuiona. Alihamia mchezo tofauti kabisa, kandanda ya Kimarekani, akawa kocha wa vyuo vikuu na kutwaa ubingwa wa taifa mara tatu. Mara mbili akiwa Florida, mara moja Ohio State.

Sisemi ni rahisi. Kozi za ukocha zinataka pesa, na timu nyingi za mashinani hazilipi hata nauli. Lakini ile ratiba ya kwanza ya Kipchoge ilihitaji mtu aliyewahi kukimbia.

Jumamosi ukiwa Ruring'u, tazama pale pembeni ya uwanja. Kuna watoto wa gredi ya nne wanacheza peke yao, viatu wamevitumia kama magoli.