Hukumu ya Kutengeneza Vigari vya Mfano

Shukrani zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Limetufikia suali kutoka kwa kijana mmoja mwanafunzi wa sekondari. Kwa muda wa miaka 3 amekuwa akitengeneza vigari vya mfano: mabasi ya abiria, malori ya trela, magari ya kuzima moto, vyote kwa maboksi, vipande vya plastiki na rangi anayonunua kwa akiba yake. Baba yake alisikia katika mawaidha kwamba kila chenye umbo ndani ya nyumba ni sanamu, na kwamba malaika wa rehema hawaingii penye sanamu. Aliporudi nyumbani alivikusanya vyote akavitia moto. Kijana anauliza kama alikuwa akitenda haramu. Kuhusu kitendo cha baba yake hakuuliza, na twaona ni adabu iliyomzuia. Sisi tutaligusa na hilo, kwa kuwa maimamu wengi huletewa kesi za namna hii.

Kwanza tukijue kitu chenyewe, kwani wanazuoni wa usuli wamesema kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Kigari cha mfano si kichezeo cha kuburuta tu. Ni gari lililopunguzwa kwa kipimo kimoja kila upande. Kipimo cha 1 kwa 24 maana yake ni kwamba kila sentimita 24 za gari la kweli zimekuwa sentimita 1. Basi la mita 12 litakuwa na urefu wa sentimita 50. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, ambacho asili yake ni treni za mfano, basi hilo hilo halifiki sentimita 14. Huko Marekani, Ulaya na Japani viwanda huuza boksi lenye vipande vya plastiki vilivyoshikana katika fremu. Mnunuzi huvikata, huvisugua kwa msasa, huvipaka rangi na kuvigandisha kimoja kimoja. Hapa kwetu vijana wengi huanza na kadibodi, waya, mikebe na soli za kandambili, na baadhi yao hufikia ustadi wa kushangaza.

Wala si mchezo wa watoto peke yao. Kampuni ya Fisher Body ya Marekani, iliyokuwa ikiunda mabodi ya magari ya General Motors, ilianzisha mwaka 1930 mashindano ya vijana kutengeneza mfano mdogo wa gari la farasi la kifalme, na baadaye magari waliyoyabuni wenyewe kwa kipimo cha 1 kwa 12. Mashindano hayo yalidumu hadi 1968. Zawadi kubwa zilikuwa gharama za masomo ya chuo kikuu, na baadhi ya washiriki wake wakaja kuwa wabunifu wa magari. Katika historia yetu pia ufundi huu haukuwa mgeni. Mwaka 1582, katika sherehe za tohara ya mwana wa Sultani Murad III mjini Istanbul, mafundi walipita mbele ya Sultani wakiwa wamebeba mfano wa Msikiti wa Suleymaniye, na picha ya tukio hilo imo katika kitabu cha sherehe hizo.

Tukija kwenye hukumu, msingi wake ni hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa katika kutengeneza picha na maumbo. Ibn Abbas alimsomea makemeo ya Mtume (s.a.w.) juu ya wenye kuunda maumbo, na mtu yule alipoona dhiki kubwa, alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Hapo ndipo jamhuri ya wanazuoni walipojenga kauli yao: makatazo ni ya maumbo ya vyenye roho. Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani twamsoma kuliko wengi, ameeleza hivyo katika sherehe yake ya Sahih Muslim, na ametaja kwamba aliyechukia hata umbo la mti wenye kuzaa matunda ni Mujahid. Sasa gari halina roho, halizai wala halikui. Likiwa la kweli au la mfano, la chuma au la plastiki, halimo katika makatazo hayo. Asili yake ni mubaha.

Aliyesema katika mawaidha kwamba kila umbo ni sanamu ameiacha nusu ya hadithi nje ya mlango.

Linabaki suala la dereva. Wapo wanaoweka ndani ya kigari kijitu cha plastiki, na wengine huweka abiria na fundi aliyeinama kwenye injini. Hapa ikhtilafu ipo kweli. Wako wanaolitegemeza jambo hili kwenye hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), ambaye alikuwa na wanasesere akicheza nao nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na katika mapokezi ya Abu Dawud alikuwa na farasi mwenye mbawa za vipande vya nguo, naye Mtume (s.a.w.) akacheka. Al-Qadhi Iyadh amenakili ruhusa ya vichezeo vya watoto wa kike kutoka kwa jamhuri. Wengine, akiwemo Ibn Battal, wameelekea kwenye kauli kwamba ruhusa hiyo imefutwa. Lakini hata wenye kuruhusu waliizungumzia kwa watoto na malezi yao. Kuivuta hadi kwa mtu mzima mwenye kabati la maonyesho si jambo jepesi. Kauli ya Mahanafi kwamba umbo dogo lisilobainika kwa mwenye kulitazama kwa mbali halina ukaraha, inahusu kuwa nalo na kuswali penye nalo, haihusu kuliunda. Rai yetu ni kwamba kijana aache kiti cha dereva kitupu. Akiwa tayari ameshanunua vijitu hivyo, aviondoe vichwa, kwa kuwa katika hadithi ya Jibril (a.s.) umbo lililokatwa kichwa limefananishwa na mti. Na picha za kubandika zenye matangazo ya pombe azitupe; kuna malori ya mfano ambayo hayana pambo jingine ila hilo.

Wapo watakaosema: tumekubali si sanamu, lakini ni upuuzi. Hutoa dalili ya hadithi ya Uqba bin Amir (r.a.) inayohesabu michezo yote kuwa batili isipokuwa kurusha mishale, kumfundisha farasi na mtu kucheza na mkewe. Imamu Ghazali amelijibu hili katika Ihya: neno batili hapo linajulisha kukosekana faida, halijulishi uharamu. Nasi twaongeza kwamba faida katika ufundi huu haikosekani. Kijana anajifunza hesabu ya uwiano, subira, kusoma mchoro na kutumia mkono wake. Kinachoutoa katika mubaha ni vitu vya nje yake: swala kupitwa na wakati wake kwa kusubiri rangi ikauke, masomo kuachwa, au mwenye familia kununua boksi la bei kubwa ilhali nyumbani hakuna unga. Gundi na rangi za kupuliza zina mvuke wenye madhara, basi dirisha liwe wazi na pua ifunikwe. Wala rafu ya vigari isiwekwe upande wa kibla pale anaposwali. Mtume (s.a.w.) aliirudisha kwa Abu Jahm nguo yenye alama kwa sababu ilimshughulisha katika swala, na alama zile hazikutajwa kuwa maumbo ya wanyama.

Hoja inayosikika zaidi mimbarini ni ya kupoteza mali. Hadithi ya Mughira bin Shu'ba (r.a.) ni sahihi, na Mtume (s.a.w.) amekataza kupoteza mali bila shaka yoyote. Lakini tuulize ni nani aliyepoteza katika kisa hiki. Kijana alichukua maboksi yaliyokuwa yatupwe na akiba yake ndogo, akatoa kitu chenye thamani ambacho watu hununua. Baba alichukua kitu chenye thamani akakifanya jivu. Hadithi ile ile iliyosomwa dhidi ya mtoto yamfikia zaidi mzazi.

Itasemwa kwamba mali ya mtoto ni ya baba yake, kwa hadithi ya Jabir (r.a.) iliyo katika Ibn Majah. Jamhuri wameifahamu kuwa ni ruhusa ya baba kula katika mali ya mwanawe anapohitaji. Mahanbali wamepanua zaidi wakamruhusu kuimiliki, nao wameweka sharti kwamba asimdhuru mtoto. Katika madhehebu yote mawili mazungumzo ni juu ya kuchukua na kunufaika, wala kuchoma hakumo. Mali ya asiyebaleghe ni amana mkononi mwa walii wake, na aliyebaleghe ana miliki yake. Twamnasihi kijana asidai fidia wala asimnyanyulie baba yake sauti, kwani haki ya mzazi ni kubwa kuliko rafu nzima ya mabasi. Na twamnasihi baba amridhishe mwanawe, angalau kwa kumnunulia rangi na gundi aanze upya. Imamu anayeletewa kesi kama hii asiamuru kuvunja wala kuchoma kabla ya kukiona kitu chenyewe kwa macho yake.

Yamebaki mambo ya kuuza na kununua. Siku hizi kuna viboksi vilivyofungwa ambavyo mnunuzi hajui ndani mna kigari gani, na anatoa pesa akitumaini kupata kile adimu. Hiyo ni ghararu iliyo wazi, na ikifika mtu kununua kwa ajili ya bahati hiyo imekaribia kamari. Anayeuza vigari vyenye nembo za kampuni aombe idhini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 5, Kuwait, 1988, lilipitisha kwamba majina na alama za biashara ni haki zinazolindwa kisheria.

Mwenye kupokea oda, mfano mwenye basi anayetaka basi lake litengenezwe dogo la kuweka ofisini, hiyo ni istisnai. Mashafii huiingiza katika salamu na kutaka bei yote ilipwe pale pale. Baraza hilo katika kikao cha 7, Jeddah, 1992, liliruhusu bei kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu, kwa sharti la kubainisha aina, kiasi, sifa na muda. Kipimo ni katika sifa hizo. Aandike 1 kwa 24 au 1 kwa 43, kwani basi la sentimita 50 si sawa na la sentimita 28, na ugomvi mwingi wa oda hizi huanzia hapo. Vigari anavyoviweka mtu kwa kujipendezea havina zaka. Alivyovitengeneza kwa kuuza huthaminiwa mwaka ukitimia, pamoja na bidhaa zake nyingine, na thamani ikifika nisabu hutolewa asilimia 2.5, visu, mikasi na pampu yake ya rangi havihesabiwi.

Wallahu a'alam.